Hatifungani ya ziro kuponi ya benki kubwa: piga hesabu kwanza

Ukikuta hatifungani ya ziro kuponi (hati ya kuikopesha benki, isiyolipa riba njiani) ya benki kama Goldman Sachs au Morgan Stanley inauzwa dola 377, na baada ya miaka 20 inalipa 1,000, usishangilie mapema. Hapo hakuna zawadi. Ni asilimia 5 kwa mwaka, riba ikizaa riba, na hupokei hata senti hadi siku ya kuiva. Riba ya soko ikipanda leo hadi asilimia 6, karatasi hiyohiyo inashuka hadi dola 312 hivi. Anayesubiri mwisho hana neno. Atakayebanwa na shida katikati akalazimika kuuza ndiye ataumia.

Lililo zito zaidi ni kwamba hii si amana. Bima ya FDIC ya Marekani hulinda amana hadi dola 250,000, lakini bima hiyo haigusi hatifungani. Kwa kawaida unaikopesha benki bila dhamana, na malipo yako yote yako mwisho wa safari. Benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilipofilisika Septemba 2008, wenye hatifungani zake walipanga foleni na wadai wengine.

Mlioko Marekani, kodi hutozwa kila mwaka kwa riba ambayo bado hamjaishika mkononi, ndiyo maana wengi huziweka kwenye akaunti ya uzeeni, IRA.

Na kwenye waraka wa toleo, tafuta kifungu kinachoiruhusu benki kulipa kabla ya muda. Kikiwemo, riba zikishuka watakurudishia hela na faida iliyokwisha kulimbikizwa, halafu uhangaike kutafuta pa kuiweka kwa viwango vya chini.