YouTube kwenye TV ya chogo: nilivyomfungia mama mkubwa, hatua kwa hatua

Mama mkubwa yuko Muheza, mkoani Tanga, na TV yake ya chogo ya inchi 21 amekataa kuiuza mara tatu. Simlaumu. Rangi bado zimekolea, spika zake zinazishinda za flati nyingi za bei chee, na wajukuu wameipiga mpira hadi wamechoka wao. Alichotaka ni taarabu za zamani na mawaidha ya YouTube kwenye kioo kikubwa kuliko cha simu. Nilimwambia ni kazi ya nusu saa. Nilikaa siku mbili.

Hatua ya 1: Angalia matundu

Nyuma ya TV, au pembeni, tafuta matundu ya duara ya AV: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Kama kuna njano na nyeupe tu, TV yako ni ya sauti moja. Pini nyekundu iache ining'inie.

Aliyewahi kufunga king'amuzi anayajua matundu haya. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo king'amuzi kimehamia kwenye AV na hakijaondoka. Ndiyo shida yenyewe: nafasi imeshakaliwa. Ukiona matundu mengine kwa mbele usishangilie haraka. Kwenye TV nyingi yameungwa kwa ndani na yale ya nyuma, kwa hiyo ukiwasha vifaa viwili picha zinapandana. Tafuta swichi ya AV, kile kiboksi cha vitufe cha kuchagua kifaa kipi kionekane, ambacho watu walitumia enzi za deki na DVD. Hakihitaji umeme.

Na tafadhali, usifungue mgongo wa TV. Ndani ya chogo kuna umeme wa zaidi ya volti 20,000, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hiyo mwachie fundi.

Hatua ya 2: Nunua stiki, siyo boksi lisilo na jina

Stiki na boksi ni vidude vya kuchomeka kwenye TV ya kawaida ili ipate YouTube kwa intaneti. Hapa nina msimamo na sitaki ubishi. Maboksi ya Android yasiyojulikana yametoka wapi yana kitu kimoja kinachovutia: mengi yana tundu la AV kabisa, unachomeka moja kwa moja. La kwanza nililonunua lilikuwa hivyo. Baada ya wiki likaanza kufungua matangazo lenyewe, na bando likawa linaisha usiku watu wamelala. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa programu hasidi, vingine kabla hata havijamfikia mnunuzi. Maboksi ya TV yalikuwemo. Kama tayari unalo, fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio, halafu sehemu ya "About", uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Kikisema hakijathibitishwa, usiweke humo akaunti yako ya barua pepe.

Chukua stiki ya kampuni inayojulikana, hata iliyotumika. Itakuwa na HDMI tu, ile pini bapa ya TV za flati, na chogo halina HDMI, kwa hiyo unahitaji konveta.

Hatua ya 3: Konveta (hapa ndipo siku mbili zilipoishia)

Konveta ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, upande mmoja HDMI, upande mwingine matundu matatu ya rangi. Ziko za aina mbili, zinafanana kama mapacha, na hazifanyi kazi moja. Unayoitaka imeandikwa HDMI2AV. Iliyoandikwa AV2HDMI inafanya kinyume: inachukua picha ya deki na kuipeleka kwenye flati. Nilinunua Kariakoo, muuzaji akaniambia "zote zilezile, bro," nikapanda basi. Nimefika Muheza, nimechomeka kila kitu, skrini nyeusi. Nikalaumu stiki, nikalaumu waya, nikailaumu TV ya watu. Saa tatu usiku ndipo nikasoma maandishi kwa tochi ya simu. Soma maandishi ukiwa bado dukani. Hakikisha upande wa HDMI pameandikwa "IN" au "INPUT", na upande wa rangi "OUT".

Kesho yake nikaenda Tanga mjini kutafuta nyingine. Nikaipata, nikachomeka, picha ikaja: nyeusi na nyeupe, tena inapanda juu kama pazia linalovutwa. Mama mkubwa akainama, akatazama, akasema, "Mwanangu, mbona kama picha ya kitambulisho cha zamani?"

Ubavuni mwa konveta kuna kiswichi kidogo sana cha kusogeza kwa ukucha: PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za TV. Kwetu, Tanzania na Kenya, ni PAL, yenye mistari 625. NTSC ya Marekani ina mistari 525 na inabeba rangi kwa namna nyingine. TV ya PAL tupu ikipewa NTSC haizioni rangi, na picha inaweza kukataa kutulia. Ziko TV zinazokubali zote mbili, ndiyo maana jirani anaweza kukuambia "mimi sikugusa chochote ikakubali." Sogeza kwenye PAL, chomoa umeme wa konveta, urudishe. Rangi zilirudi hapohapo, nami nikajifanya nilikuwa najua.

Mengine ya konveta hiihii:

Ina tundu lake dogo la umeme, na ule umeme siyo hiari. Kwenye flati watu huuchukua kutoka USB ya TV, lakini chogo halina USB, kwa hiyo inahitaji chaja yake. Stiki nayo iwe na chaja yake. Nilijaribu kuvilisha vyote viwili kwa chaja moja ya zamani, na stiki ikawa inazima na kuwaka kila dakika chache.

Kama stiki uliiandaa kwenye flati ukailazimisha kutoa 4K, ile picha kali ya TV mpya, konveta haitaielewa na utaona giza. Iazime TV ya jirani yenye HDMI, weka 720p ya 50Hz, kisha uirudishe kwenye chogo.

Na kama huoni chochote kabisa, kabla hujalaani, hakikisha TV yenyewe iko kwenye AV. Rimoti ikiwa imepotea (kwa mama mkubwa ilishapotea miaka), kwenye TV nyingi ukishuka chini ya chaneli ya 1 unakutana na AV.

Hatua ya 4: Intaneti

Hotspoti ya simu inatosha. Kama stiki haiioni simu yako, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uiweke 2.4GHz, stiki za bei ndogo nyingi hazioni 5GHz.

Habari njema ya chogo ni bando. Picha ya PAL inayoonekana ni mistari 576 tu, kwa hiyo kuivutia video ya 1080p ni kujaza ndoo ambayo imeshajaa. Weka 480p. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, ubora wa kawaida unakula hadi GB 0.7 kwa saa na HD hadi GB 3. Kwenye YouTube ubora unachaguliwa ndani ya video, na unapenda kurudi wenyewe kwenye otomatiki. Mfundishe mtu wa nyumbani kuukagua.

Hatua ya 5: Kurekebisha picha

Chogo hukata kingo za picha. Kama stiki yako ina kipengele cha kupunguza ukubwa wa skrini, punguza hadi maandishi ya pembeni yaonekane. Watu pia watarefuka kama minazi, kwa sababu picha pana imebanwa kwenye kioo cha mraba. Tafuta 16:9 kwenye menyu ya TV. Ikikosekana, ndiyo imekosekana. Mama mkubwa anasema waimbaji wamependeza zaidi hivyo.

Umeme ukikatika na kurudi, YouTube ikikataa kufunguka wakati intaneti ipo, tazama tarehe. Kifaa kikipoteza saa kinaweza kuamini ni miaka kadhaa nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa. Weka tarehe sahihi kwa mkono, au subiri ijirekebishe kwa mtandao.

Wiki iliyopita alinipigia: skrini nyeusi tena. Nikamuuliza swichi, AV, waya, vyote viko sawa. Tukafuata nyaya kwa simu, mmoja baada ya mwingine, hadi tukafika ukutani. Chaja ya konveta ilikuwa inachaji simu ya mjukuu.