Kukanusha kitenzi-jina cha Kiingereza: "not" inakaa wapi?

Kiswahili hukanusha kitenzi-jina kwa kupachika "-to-" ndani ya neno lenyewe, hivyo kufika huwa kutofika na kuuza huwa kutouza. Kiingereza hakipachiki kitu ndani ya kitenzi, na hapo ndipo wanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Dodoma, ambao wengi wao wametoka kusoma masomo yote kwa Kiswahili, hukwama.

Hatua ya kwanza: tafuta "to" na kitenzi kinachoifuata, kisha tanguliza "not", bila "do" wala "did". "She promised not to sell the grapes" ni kusema aliahidi kutoziuza zabibu.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito: jiulize kinachokanushwa ni kitenzi kipi. Mama wa sokoni Majengo akisema "Nilimwambia asije", amemkataza mtu. Akisema "Sikumwambia aje", hakumkataza, ila hakumwita. Sentensi ya kwanza ni "I told him not to come", ya pili ni "I didn't tell him to come". Kwa kuwa "asije" haina "ku-", hatushtuki kwamba Kiingereza hapo kinadai kitenzi-jina, tukaishia kuandika "I told him to don't come", kosa ambalo limekula wino wangu mwekundu kuliko jingine lolote.

Hatua ya tatu: ukieleza kusudi, tumia "so as not to" au "in order not to". "We left Kibaigwa early so as not to miss the train" maana yake tuliondoka Kibaigwa mapema ili tusikose treni.

Hatua ya nne: baada ya "had better" na "would rather", "to" huachwa: "You had better not wait."

Maswali ya wanachama

Shikamoo Mwalimu. Je, "to not" ni kosa?

Marahaba. Si kosa, na katika mazungumzo utaisikia sana. Hata hivyo, tangu karne ya 19 wapo wanasarufi wa Uingereza waliokemea kuitenga "to" na kitenzi chake, na wasahihishaji wengi bado wana jicho hilo. Kwenye mtihani andika "not to".

Mwalimu, mimi niko Kondoa. "Hakuonekana kuchoka" ni "He didn't seem to be tired" au "He seemed not to be tired"?

Zote ni sahihi, na maana ni ileile, ingawa ya kwanza ndiyo ya kawaida na ya pili ni rasmi zaidi. Usilipeleke jambo hili kwenye "tell", kwani huko, kama ulivyoona kwa yule mama, kuhamisha "not" ni kubadili habari nzima.

Na kama jambo limeshapita?

Weka "have" baada ya "to", kisha kitenzi katika umbo lake la tatu: "I am sorry not to have come", yaani nasikitika kwamba sikuja.