Jinsi ya Kupima Kama Modeli Yako ya Uamuzi Inaweza Kukaa Kichwani mwa Mtu

Modeli nyingi za akili husema kwamba mtu huchagua lililo bora kuliko yote. Dai hilo halijakamilika mpaka useme kulitafuta hilo bora kunagharimu hesabu kiasi gani. Hapa tunatumia uamuzi wa mama mboga wa soko la Kibuye, Kisumu: leo apange bidhaa zipi mezani?

Anza kwa kuandika modeli kama tatizo lenye pande mbili. Kinachoingia ni bidhaa n, kila moja na faida au hasara yake kwa shilingi, pamoja na nyongeza au makato kwa baadhi ya jozi. Nyanya na vitunguu huvutana, kwa hiyo jozi hiyo ina nyongeza. Sukuma wiki na kabeji hunyang'anyana mteja yuleyule, kwa hiyo ina makato. Kinachotoka ni kundi la bidhaa lenye jumla kubwa kuliko makundi mengine yote. Hatua zinazopita kichwani ziache kwanza. Mtafiti wa akili na uonaji David Marr alitenganisha mwaka 1982 swali la kinachokokotolewa na swali la namna kinavyokokotolewa, na ukiyachanganya utajikuta unatetea mbinu kabla ya kueleza inatatua nini.

Kisha hesabu makundi yanayowezekana, ambayo ni 2ⁿ. Bidhaa 10 zina makundi 1,024. Bidhaa 20 zina 1,048,576. Zikifika 60, mashine inayokagua makundi milioni moja kila sekunde itahitaji zaidi ya miaka 36,000. Lakini wingi huu si ushahidi wa ugumu. Kadi 60 zina mpangilio mwingi kuliko hapo, na bado kuzipanga kwa namba ni kazi nyepesi.

Ushahidi hupatikana kwa kuligeuza tatizo linalojulikana kuwa gumu liwe hili lako. Chora nukta zilizounganishwa kwa mistari, kisha uulize: ni kundi gani kubwa la nukta ambamo hakuna mbili zilizounganishwa? Swali hili ni ndugu wa matatizo 21 ambayo mwanasayansi wa kompyuta Richard Karp alionyesha ugumu wake mwaka 1972, na ni NP-gumu, yaani hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitatua kila mara. Fanya kila nukta bidhaa ya faida ya shilingi 1, na kila mstari makato ya shilingi 1. Ikiwa kundi lako lina bidhaa mbili zinazogongana, toa moja: unapoteza shilingi 1 na kuokoa angalau 1. Basi jumla kubwa kabisa ni sawa na idadi ya nukta katika kundi unalolitafuta. Wengi hukosea mwelekeo: hugeuza tatizo lao kuwa lile gumu. Hilo halithibitishi chochote, maana hata tatizo jepesi laweza kuandikwa kwa mavazi ya gumu.

Hapo ndipo utakaposhawishika kuandika, "basi akili hukadiria tu." Usiandike bado. Mwanasayansi wa kompyuta David Zuckerman alithibitisha mwaka 2006 kwamba, ikiwa P si sawa na NP (yaani, ikiwa matatizo NP-gumu kweli hayana njia ya haraka), swali la nukta haliwezi kukadiriwa kwa haraka hata kwa ukaribu hafifu sana, na kwa mgeuzo huohuo ugumu huo unahamia kwenye meza ya mama mboga. Neno "kukadiria" halikuokoi mpaka uonyeshe ni sehemu gani ya tatizo iliyo ndogo katika maisha halisi.

Itafute sehemu hiyo. Kama jozi zote zina nyongeza au sifuri, tatizo ni jepesi. Algorithimu ya mkato mdogo kabisa wa mtandao, yaani njia ya haraka ya kutafuta mistari ya gharama ndogo zaidi ya kukata ili mtandao ugawanyike, hulimaliza. Ugumu umo kwenye makato. Tafuta idadi ndogo kabisa ya bidhaa, iite k, zinazogusa kila jozi yenye makato. Jaribu kila namna ya kuziweka au kuziacha hizo k, ambazo ni namna 2ᵏ. Kinachobaki kila mara ni tatizo jepesi. Bidhaa 40 zenye k ya 5 zinahitaji hesabu nyepesi 32 tu. Sasa dai lako lina mwili: mtu huamua vizuri pale k inapokuwa ndogo. Ila ukisema pia kwamba meza inabeba bidhaa 6 tu, hujaongeza jambo dogo. Tatizo lenye kikomo cha idadi ni NP-gumu hata bila makato, na kikomo hicho kinakuwa kipimo cha pili unachopaswa kukieleza.

Kwa majaribio, andaa karatasi 12, kila moja na orodha ya bidhaa ambamo mfanyabiashara atachagua kundi bora: n iwe 8, 16 na 24, k iwe 0, 1, 2 na 4. Makato yawekwe kwenye jozi zisizoshiriki bidhaa, ili k iwe idadi ya jozi hizo. Theluthi ya bidhaa zipewe hasara ndogo, mfano dania ya hasara 10 inayoleta nyongeza 25 ikiwa na nyanya. Bila hivyo, jibu la k sifuri ni "weka zote". Unganisha bidhaa kwa nyongeza, la sivyo tatizo litakatika vipande vidogo na n haitakuwa na maana. Jibu bora la bidhaa 24 kompyuta ya kawaida hulipata kwa kukagua makundi yote 16,777,216.

Usiende Jumapili, siku ambayo Kibuye hufurika. Omba ruhusa, lipia muda wa wafanyabiashara, eleza kwa Kiswahili au Dholuo, na ugawe karatasi kwa vikao viwili kwa mpangilio wa bahati nasibu. Andika sekunde na asilimia ya jumla iliyopatikana dhidi ya jumla bora. Sekunde peke yake humpendelea anayekisia.

Bidhaa nyingi huchukua muda zaidi kusomwa, kwa hiyo toa muda wa karatasi ya k sifuri yenye n ileile. Usitegemee muda uongezeke maradufu kila k inapopanda kwa moja, kwani 2ᵏ ni dari ya hali mbaya kabisa. Tazama kama ziada iliyobaki inakaribiana katika n zote tatu. Ikipaa pamoja na n ilhali k imesimama, basi k siyo kipimo wanachokitegemea watu hao, na inabidi urudi kutafuta kingine.