Ukilala kwenye Noah, usifunge vioo vyote

Wengi wanaolala garini kwenye baridi ya Njombe au Nyahururu hupandisha vioo vyote hadi juu. Alfajiri vioo vinachuruzika maji kwa ndani, blanketi lina unyevunyevu, na godoro limelowa upande unaogusa bodi. Gari halivuji. Ni pumzi zenu tu: mvuke ukigusa kioo cha baridi unageuka maji.

Teremsha vioo viwili vya pande tofauti, upana wa kidole, hewa iingie huku itokee kule. Kimoja peke yake hakisaidii sana. Kwa mbu, kata kipande cha chandarua kikubwa kuliko dirisha, fungua mlango, kivishe fremu ya kioo kuanzia juu, kisha funga mlango ubane kingo zake. Gundi ya nini?

Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata makaa yakionekana yamekufa. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina rangi wala harufu, na ule mwanya wa kidole hautoshi kuitoa. Ukisikia kizunguzungu au kichwa kikigonga, toka nje kwanza, mengine baadaye.

Baridi ikizidi, jaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira ya kukandia, ivishe soksi nzito, iweke miguuni. Chupa nyepesi za maji ya dukani hujikunja kwa joto, na kulala kwenye godoro lililomwagikiwa maji usiku wa manane ni adhabu.