Kabla ya Kumuumba Mhusika Mkimbizi Katika Mchezo wa Anga za Mbali

Katika mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mtu wa kubuni, kabla ya kujaza karatasi ya mhusika (ukurasa wa sifa na alama za ujuzi wake) ambaye ni mkimbizi, mchezaji hana budi kuamua ni jambo gani hasa lililomtoa kwao, kwa kuwa jibu hilo ndilo litakaloonyesha nani anamsaka, nani anaweza kumpokea na iwapo amebakiwa na mahali pa kurudi. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi unamtambua mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake la kijamii au maoni yake ya kisiasa, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ukawaongeza wanaokimbia uvamizi na machafuko makubwa. Kwa vipimo hivyo, mtu ambaye jua la sayari yake linazimika anaweza kukataliwa mlangoni pa kituo cha anga na karani asiye na ubaya wowote, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina mchezo mwingi kuliko mapigano kumi ya bunduki za miale.

Jambo linalofuata ni makaratasi, yaani hati za mhusika. Mwaka 1922, chini ya Shirikisho la Mataifa, zilianza kutolewa pasi za Nansen, yaani hati za kusafiria za wakimbizi, kwa Warusi waliokimbia na kupoteza uraia, na pasi hizo zilikuwa na nguvu pale tu serikali ilipokubali kuzitambua. Basi mwendesha mchezo, yaani anayesimulia hadithi na kuongoza mchezo, na mchezaji wakubaliane mapema ni bandari zipi zinaitambua hati ya mhusika, na kama cheti chake cha udaktari au urubani kinahesabika huko. Alama za ujuzi zisipunguzwe, kwani mkono wa daktari haukusahau kazi, ila kibali ndicho hana.

Fedha, lugha na deni kwa aliyemvusha vinatosha kuandikwa kwa mstari mmoja mmoja. Kinachohitaji mazungumzo ya wazi ni mambo ambayo wachezaji hawataki yaigizwe, kama vile mateso au vifo vya watoto, maana huenda mezani yupo aliyeyapitia kweli. Hatimaye mhusika apewe tamaa isiyohusiana na msiba wake, iwe ni kamari, ususi au kugombea uongozi wa kituo, na mwendesha mchezo aachiwe ndugu mmoja ambaye haijulikani aliko, amtumie atakapoona inafaa.