Jinsi ya kuomba kibali cha kuchimba akiolojia, wanakijiji wakiwemo tangu mwanzo (Tanzania)

Wengi wanaanza na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti), wanapata kibali, alafu ndo wanaenda kijijini kuwaambia watu sehemu ya kuchimba ishachaguliwa. Hapo hujashirikisha mtu, umetoa taarifa tu. Anza kijijini, karatasi zifuate.

Kwanza ripoti kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, ukiwa na barua ya utambulisho ya chuo au taasisi yako, sema unataka ushauri kabla hujaandika andiko la utafiti. Omba ajenda yako iingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisheria unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu so panga ratiba mapema. Kaa na wazee, kaa na wavuvi, na kina mama peke yao maana mkutanoni wengi hawaongei. Uliza wapi hapachimbwi. Pale Songo Mnara, kisiwa chenye magofu huko Kilwa, kwenye makaburi ya zamani wachimbaji walikuta sarafu na vijiwe vilivyowekwa na waliokuja kuzuru marehemu, sasa sehemu kama hiyo huwezi kuikatia shimo kwa sababu tu ramani yako imesema hivo. Ukitoka omba nakala ya muhtasari wa mkutano wenye muhuri.

Sasa andika andiko lako, maswali ya wanakijiji yawemo, na bajeti iwe na posho yao. Omba kibali cha utafiti COSTECH kwenye mfumo wao wa mtandaoni, ambatanisha na ule muhtasari. Mgeni kutoka nje lazima awe na mshirika wa hapa nchini, na kibali cha ukaazi ni suala la Uhamiaji.

Kibali cha COSTECH peke yake hakikuruhusu kuchimba!! Unahitaji leseni ya uchimbaji kutoka Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Eneo likiwa chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), kama magofu ya Kilwa, waone na wao pia.

Alafu barua zinashuka, mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Usiruke ofisi hata moja, utarudishwa.

Kwenye ajira waachie serikali ya kijiji wapange majina kwa zamu ili pesa isiishie familia moja, na malipo ya siku yatajwe mkutanoni watu wote wasikie. Msiwafanye wabeba ndoo tu. Mfundishe mtu kushika chekeche, kutofautisha kigae cha chungu cha kupikia na kigae chenye rangi kilichotoka ng'ambo, aandike mwenyewe lebo ya mfuko, namba ya shimo, tabaka la udongo na tarehe. Mama aliyezoea kupepeta mchele anaona kishanga kidogo kwenye mchanga kabla yako.

Kabla hamjaondoka fukieni mashimo, itisheni mkutano wa mrejesho mvitandaze mlivyovipata mezani watu wavishike, waambieni vinaenda kuhifadhiwa wapi na wataviona vipi. Ripoti ya Kiswahili iachwe ofisi ya kijiji, na nakala nyingine shuleni.