Tafuta namba kabla ya kupiga msasa
Ukipata boti dogo la zamani la Chris-Craft, kampuni ya Marekani ya kuunda boti, lile la mbao lenye kijumba cha kulala, weka msasa kando kwanza. Tafuta namba yake: mara nyingi imegongwa kwenye ubao wenyewe, hasa upande wa chini wa kifuniko cha injini. Ukiisaga, umefuta cheti chake cha kuzaliwa. Kwa namba hiyo, makumbusho ya Mariners' ya Newport News, Virginia, yanaweza kukupatia nakala ya kadi ya kiwanda, yenye habari kama injini ya awali.

Kisha choma kwa ncha ya bisibisi mataruma (mbavu za boti) na mbao za karibu na mkuku (uti wa mgongo wa boti, chini kabisa). Ikizama kirahisi, pameoza; rangi haitibu. Mbao zilizokaa nchi kavu miaka mingi hunywea, kwa hiyo zilowanishe taratibu zivimbe kabla ya kushusha boti majini.